Jicho la Kware Nyuma ya Nyumba

Kambi ya barabara
4 Machi 2011

Dada yangu mpenzi,

Usishtuke ukimwona dereva wa lori la mafuta amesimama mlangoni na mfuko wa saruji. Hakuna saruji ndani. Kuna miche sita, mizizi nimeifunga kwa gunia bichi, na nimemwapisha dereva aiweke mbele kwenye kiti, si nyuma na mapipa. Ikifika imekauka, mlaumu yeye.

Ni ua la porini. Kwenye mteremko tunaopitisha barabara limejaa kama limemwagwa. Watu wa huku wanaliita jicho-la-kware. Petali zake ni rangi ya chungwa lililoiva, katikati pana duara jeusi lenye wekundu kwa mbali, na kweli ukilitazama linakutazama. Jana asubuhi nilizima tingatinga nikashuka. Mwenzangu wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia nimemkumbuka dada yangu.

Maana tangu kiwanda kilipowarudisha nyumbani, barua zako zimekuwa fupi. Ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na miwili ilimhusu paka wa jirani. Mtu aliyeshona kola za mashati miaka ishirini na sita hawezi kukaa akitazama ukuta. Ule uwanja wa nyuma ambako shemeji anaanika mataulo ya kazi yake ya kinyozi, tia kitu. Tia hiki.

Huku yako tele, usidhani nimejinyima. Kazi inakwenda vizuri. Simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na magoti yangu unayajua, kwa hiyo tuandikiane.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Nyumbani
20 Machi 2011

Kitinda,

Dereva wako alifika saa sita mchana, mfuko kaukumbatia kama mtoto mchanga. Shemeji yako alimwona kupitia dirisha la chumba chake cha kunyolea, akaja na mkasi mkononi kuuliza nani amejifungua.

Miche imefika mizima. Mmoja ulikuwa na ua lakini lilidondoka njiani, kwa hiyo hilo jicho unalolisifu sijaliona. Nimeona kope tu.

Siku hiyo hiyo nilichimba. Unajua nyuma ya nyumba hakuna udongo wa maana, ni kokoto na vipande vya matofali vilivyobaki tulipojenga. Basi nikaagiza mkokoteni mzima wa samadi iliyoiva, nikachanganya na udongo mweusi wa bondeni. Nimeipanda kivulini, chini ya paa la bafu, jua lisije likaiumiza. Naimwagilia asubuhi na jioni. Vile vichwa vikavu vilivyokuwa vinaning'inia nimevikata, vilikuwa vinaharibu sura, nikavitia kwenye kopo la vifungo. Unavyonijua, kutupa kitu siwezi.

Jirani yetu, yule tunayemwita Redio, alisimama ukutani nusu saa. "Shoga, umepanda magugu?" Nikamwambia ndiyo, ila ni magugu ya mbali. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nimeletewa dawa ya miguu.

Asante, mdogo wangu. Sikujua kwamba unahesabu mistari ya barua zangu. Basi hesabu na hii.

Dada yako

*

Kambi
9 Aprili 2011

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa niambie miche imefikia wapi. Mingapi imetoa ua? Inatoa mbegu? Nataka hesabu kamili, usiniandikie tu kwamba inaendelea.

Mteremko tumeumaliza. Ukuta wa udongo umenyooka kutoka juu hadi chini, urefu wa nyumba nne zikipandana. Mhandisi wetu, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliutazama akasema kazi safi. Chini yake, ng'ambo ya barabara, ipo zahanati ya watu wa huku. Juu tumetandika nyasi.

Mvua zimeanza. Sina zaidi.

Kitinda

*

Nyumbani
1 Mei 2011

Kitinda,

Sasa ni wewe unayeandika mistari minne. Unaumwa?

Miche yote sita imesimama. Miwili imechanua, na rangi ni kama ulivyosema. Shemeji yako anasema ningekuwa nampalilia yeye namna hii asingekuwa na kipara.

Majirani wameyapenda sana maua hayo. Nitumie mengine, hata kumi hivi. Kama huko yako tele, hayatapungua.

Dada yako

*

Kambi
22 Mei 2011

Dada yangu,

Kaa chini kwanza, halafu usome.

Sina cha kukutumia. Hakuna jicho-la-kware tena huku, na aliyelimaliza ni mimi. Siku niliyokuandikia barua ya kwanza nilikuwa nimeshapewa amri ya kukata. Nilichimbua miche sita, nikakutumia wewe, kesho yake asubuhi nikapanda kwenye tingatinga na kuusafisha mteremko wote kwa siku tisa. Nilikwambia yako tele kwa sababu siku ile yalikuwa tele. Nilijiambia kwamba maua ya porini hayaishi, lazima yapo na mlima wa pili.

Tarehe kumi na tano mteremko ulishuka. Zile nyasi zilitelemka kama zulia linalovutwa, na tope likavuka barabara hadi ukuta wa zahanati. Liliingia chumba cha sindano kufika magotini. Mungu ametuhifadhi, ilikuwa Jumapili na chumba kilikuwa kitupu. Tumetoa tope siku nne kwa koleo.

Muuguzi wa pale, mama wa makamo aliyezaliwa huku huku, alikuja nilipokuwa nachota. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema, "Mwanangu, mzizi wa jicho-la-kware unashuka kuliko urefu wako. Ndio uliokuwa unaufunga mlima. Wewe umeufungua vifungo."

Siku tatu zilizofuata nimetembea kwa miguu kuanzia asubuhi, kilima hadi kilima. Sikuona hata moja. Muuguzi anasema zamani yalikuwepo kila mahali, kisha yakabaki pale tu.

Kwa hiyo ile sita yako ndiyo yote iliyobaki. Nakuomba uitunze kama mboni ya jicho lako. Kila mbegu iweke.

Samahani kwa kukuficha.

Kitinda

*

Nyumbani
3 Juni 2011

Mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo siku tatu kwa sababu nami nina yangu ya kusema, na yangu ni mbaya kuliko yako.

Miche imekufa. Wa kwanza ulianza kulegea hata kabla barua yangu ya Machi haijakufikia. Nikaongeza maji. Wa pili nikauongezea samadi. Kufikia katikati ya Aprili nilikuwa navuta shina linatoka lenyewe, mzizi umekuwa uji na unanuka. Ile habari ya miwili kuchanua niliitunga. Ua hilo sijawahi kuliona. Nilikuomba mengine kumi ili nijaribu tena kabla hujajua.

Niliona haya. Ulinitumia kitu ili nisikae kama mzigo, nami nikakiua kwa mikono yangu. Shemeji yako alisema nikwambie tangu mwanzo. Nilimnunia wiki nzima, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Sasa sikiliza. Nimefungua kopo la vifungo. Vile vichwa vikavu ni tisa, na ndani yake mna mbegu ndogo nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nimezimwaga juu ya kitambaa cheupe na kuzihesabu kwa ncha ya sindano. Ni mia moja na sitini. Arobaini nimezipanda juzi kwenye udongo mzuri, na naogopa nimerudia kosa lile lile, kwa sababu udongo mzuri ndio ninaoujua.

Basi niandikie mambo yote. Udongo wa pale ulikuwaje? Maji yalitoka wapi? Nani alipita, mnyama gani alikula, kulitokea nini kabla maua hayajatoka? Muulize huyo muuguzi, na usinipambie. Nilipokuwa kiwandani tulikuwa tukipewa kola iliyoharibika tunaifumua uzi kwa uzi mpaka tuone fundi alikosea wapi. Nami nataka kulifumua hili.

Usijilaumu peke yako. Tumeliua wawili.

Dada yako

*

Kambi
19 Juni 2011

Dada,

Nilidhani utalia. Kumbe unataka kazi. Nimefurahi mpaka mwenzangu wa kijiko akaniuliza kama nimeongezwa cheo.

Nimekwenda kwa muuguzi na daftari, naye amenijibu kama anayetoa ushahidi. Udongo wa pale ni mwekundu, mkavu, kokoto nyingi kuliko udongo. Miezi mitano ya kiangazi hakuna tone. Kivuli hakuna. Ng'ombe hawali majani yake kwa sababu yana manyoya yanayowasha ulimi. Na hili alilisema mwishoni, kama jambo la kawaida: kila kiangazi wachungaji walikuwa wanachoma nyasi kavu za mteremko ili majani mabichi yachipue. Moto ulipita juu juu tu, robo saa umekwisha. Mvua ya kwanza ikishuka juu ya yale majivu, wiki mbili baadaye vichipukizi vya jicho-la-kware vimejaa.

Nimeuliza, "Moto hauziunguzi mbegu?" Akacheka. "Zinauhitaji. Bila moshi zinalala tu."

Nakutumia gunia la udongo ule mwekundu, niliuchota kwenye rundo tulilolitupa. Mimi kwa sasa nimepewa kazi nyepesi kidogo, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Kitinda

*

Nyumbani
2 Agosti 2011

Kitinda,

Soma polepole kwa sababu nami naandika polepole ili nisikose hata neno.

Zile arobaini hazikuota, kama nilivyoogopa. Gunia lako lilipofika nililimwaga kwenye karai kuukuu lililotoboka, nikatia mbegu sitini, nikazifunika kwa kokoto nyembamba. Sitini nyingine nimezificha, safari hii hata shemeji yako hajui zilipo. Halafu nikatandaza majani makavu juu ya karai, nikawasha kiberiti.

Majani yalikuwa na unyevu kidogo. Moto haukushika, ila moshi ulitoka wa kutosha mitaa miwili. Nikasogea pembeni nikikohoa. Kufumba na kufumbua Redio ameruka ukuta, kanga kaifunga kiunoni, na ndoo ya maji kichwani. "Nyumba inaungua," akapiga kelele, na kabla sijafungua mdomo akaimwaga ndoo nzima juu ya karai langu. Kokoto, majivu, mbegu, vyote vikaogelea.

Sitaficha, nilikaa chini kwenye kizingiti nikashindwa hata kumgombeza. Mbegu sitini za mwisho ukitoa zile nyingine, zimegeuka supu nyeusi. Naye masikini akabaki amesimama na ndoo tupu, akisema, "Basi si ungeniambia unapika magugu."

Nililiacha karai pale pale juani. Sikuligusa. Kwa kweli nilikuwa nimelisusia.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kuanua mataulo. Nikaona kitu cha kijani ndani ya majivu. Nikapiga magoti. Vilikuwa vitatu. Asubuhi iliyofuata vilikuwa tisa. Leo ni ishirini na vitatu, nimevihesabu mbele ya shemeji yako na mbele ya Redio, wote wamekubali ishirini na tatu.

Maji ya moshi, Kitinda. Mvua juu ya majivu, kama muuguzi alivyosema, ila mvua yetu ilitoka kwenye ndoo ya Redio. Ameambiwa, na sasa anatembea kama mkunga mkuu.

Miche hiyo nimeihamishia kwenye kokoto zetu za ujenzi, mahali pabaya kuliko pote, jua kutwa. Kila ikianza kutoa majani mawili natamani kuimwagilia. Nimegundua kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kuikunja mikono. Shemeji yako ameificha ndoo.

Dada yako

*

Ofisi ya Mhandisi wa Barabara
20 Agosti 2011

Kwa Mtaalamu wa Mimea,

Yah: miche ya kushika mteremko

Pokea salamu za ofisi hii. Ndugu yako, ambaye kwa sasa ni mlinzi wa geti letu, amenionyesha maelezo yako kuhusu uoteshaji wa mmea uitwao jicho-la-kware. Amenieleza kwamba wewe ni mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita.

Mteremko wetu umeshikwa kwa magunia ya mchanga, nayo hayatadumu zaidi ya misimu miwili ya mvua. Nyasi zimeshindwa mara mbili. Mamlaka inapendekeza kuihamisha zahanati hadi makao makuu ya wilaya, ambako mgonjwa wa huku atafika kwa mwendo wa siku nzima. Sipendi uamuzi huo, lakini sina cha kuweka mezani badala yake.

Je, waweza kutupatia miche mia nne kabla ya mvua za mwaka 2013?

Mhandisi wa Barabara

*

Nyumbani
5 Septemba 2011

Mhandisi,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia na nyongeza.

Kwanza nisahihishe jambo moja. Mimi si mtaalamu. Ile miaka ishirini na sita ni ya kushona kola. Ndugu yangu hakusema uongo, alikata tu kipande cha ukweli palipomfaa, ndivyo alivyo tangu utoto. Mmea huu nimeuua mara mbili na kuuotesha mara moja, na ule wa kuota ulisaidiwa na jirani.

Pili, jibu langu ni ndiyo. Mia nne utapata.

Ila nina sharti. Mimea itakapokuja huko, asije mtu na samadi wala mpira wa maji. Na anayeipanda awe ndugu yangu. Mmea huu haumtaki mtu anayedhani anaujua. Unamtaka mtu aliyekwisha kuua mmoja akajuta. Mtu wa namna hiyo mnaye hapo getini.

Mimi,
Dada wa mlinzi wako

*

Nyumbani
5 Septemba 2011

Kitinda,

Kazi nyepesi, siyo? Mtu aliyeendesha tingatinga miaka kumi na tano anaandika namba za malori getini, halafu ananiambia ana muda wa kuandika. Nimejua kupitia barua ya Mhandisi. Sikukasirika sana, maana nami niliwahi kukuandikia maua mawili ya uongo. Lakini tusirudie tena, mimi wala wewe.

Nimemwahidi Mhandisi wako miche mia nne. Nina ishirini na mitatu. Usiseme kitu.

Dada

*

Nyumbani
14 Januari 2012

Mdogo wangu,

Leo saa tatu asubuhi limefumbuka.

Nilikuwa naanika mataulo. Jana lilikuwa kitumba kilichojikunja kama ncha ya mwavuli, leo nimegeuka, limenitazama. Chungwa kabisa, na lile duara la katikati, weusi wenye wekundu, kama ulivyoandika. Nilibaki na taulo bichi mkononi mpaka mikono ikapata ganzi.

Nikamwita shemeji yako. Alikuja akikimbia na mashine ya kunyolea, akidhani nimeanguka. Nyuma yake akaja mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Tukasimama watu watatu mbele yake. Yule mteja ndiye aliyesema kwanza. "Kwa ajili ya hili nimetoka nje nusu kichwa, wala sijutii."

Walipoondoka nilikaa chini kwenye kokoto nikalia kidogo, ya furaha, usijali. Miaka yote ile pale kiwandani sikuwahi kushona shati zima. Kola ikitoka mikononi mwangu inakwenda meza ya pili, na sijui nani aliivaa. Hili nimelianza kwenye mbegu na nimeliona likifumbuka. Lote langu, mwanzo hadi mwisho.

Sasa naelewa kwa nini ulizima tingatinga.

Miche kumi na tisa ni hai, na kumi na miwili ina vitumba. Nyumba kumi na mbili za mtaa zimeomba kuotesha mbegu kwenye makarai yao zitakapokauka. Redio ndiye atakayepita na ndoo yake ya maji. Mtu mwingine akiishika anamnyang'anya.

Dada yako

*

Kambi
28 Oktoba 2012

Dada,

Lori lilifika juzi na miche mia nne na kumi na miwili. Dereva amesema ulimfuata hadi njia panda ukimkumbusha mashimo ya barabarani.

Leo ni siku ya tatu napanda. Nimefungwa kamba kiunoni, nashuka mteremko kama fundi wa kupaka rangi ghorofa, sururu mkononi, natoboa shimo, natia mche, nakandamiza kokoto. Wenzangu walicheka siku ya kwanza. "Tingatinga amekuwa bibi shamba." Siku ya pili yule wa kijiko alijifunga kamba, akashuka upande wa pili. Leo asubuhi tulikuwa saba, na muuguzi amesimama chini akituelekeza kwa fimbo: pale, hapana, juu kidogo, pale.

Nilipofika katikati, penye sehemu isiyoshuka, nilikuta alama ya jembe la tingatinga langu, bado imechorwa kwenye udongo. Nikaipanda miche mitano ndani yake.

Sitakuficha, Mhandisi ameniita pembeni. Mamlaka imempa msimu mmoja. Mteremko ukishuka tena, zahanati inahama, naye pengine anahama pia, kwa sababu ameweka sahihi yake chini ya jambo ambalo wakubwa wanaliita bustani ya mlinzi.

Naogopa, dada. Nimekwambia kwa sababu tulikubaliana.

Kitinda

*

Kambi
23 Aprili 2013

Dada yangu,

Mvua ilinyesha siku nne. Haikuwa mvua ya kunyesha ikapumzika. Mabati ya bweni yalivuma mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Siku ya pili zahanati ilihamisha wagonjwa kwenda kwenye shule. Siku ya tatu tulisikia kishindo, ardhi ikatikisika chini ya viatu, na muuguzi akafunika uso kwa kanga. Hakuna aliyeweza kutoka kuangalia, mto ulikuwa umeifunika njia.

Leo asubuhi imekatika. Tumeondoka watu kama thelathini kwa miguu. Mhandisi alikuwa mbele.

Tulipofika kwenye kona ya kwanza tuliona kilichoanguka. Ulikuwa mteremko wa mbele, ule waliotandika nyasi mwaka jana. Umelala wote barabarani, na miti juu yake. Mhandisi akasimama. Nilimwona akivuta pumzi kabla ya kuzunguka kona ya pili. Mimi nilifumba macho, nikazunguka nimemshika bega mwenzangu wa kijiko.

Yeye ndiye aliyeniambia, "Fumbua, bwana."

Dada, ulikuwa umesimama. Wote, juu mpaka chini. Barabarani hapakuwa na hata jiwe la kurushia ndege. Maji yalikuwa yanachuruzika katikati ya miche, meupe kabisa, hayana udongo. Na ile miche ilikuwa imechanua. Mia tatu na zaidi. Mlima mzima wa rangi ya chungwa, unatutazama.

Watu hawakushangilia mara moja. Kwanza muuguzi alivuka barabara, akaingia zahanati, tukamsikia anafungua madirisha moja moja. Sakafu ilikuwa kavu. Alipotokea kwenye dirisha la chumba cha sindano akapiga kigelegele kimoja kirefu, na hapo ndipo watu thelathini walipopasuka kwa vifijo.

Mhandisi alipanda mteremko na viatu vyake vya ofisi. Akashika shina la mmea mmoja kwa mikono miwili akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa nguvu zote, mikono ikateleza, akaketi kwenye tope. Miaka mitatu nimefanya kazi chini yake sijawahi kumwona akicheka. Leo alicheka mpaka akajifuta machozi na tope. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Andikeni kwenye ripoti: zahanati haihami."

Ameniambia nirudi kwenye tingatinga kuanzia Jumatatu. Nimemjibu nitarudi, ila kila mteremko, kabla sijaukata, nitashuka kwanza niutembee wote kwa miguu, na nikisema hapa pana kitu, tusubiri. Ameniambia nilete hilo kwa maandishi. Nimeshaandika.

Na ule mteremko wa kona ya kwanza, uliolala barabarani, anauliza kama yule mtaalamu ana miche mingine.

Kitinda

*

Nyumbani
2 Mei 2013

Kitinda, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye chumba cha kunyolea. Shemeji yako aliwakataza wateja kutingisha vichwa mpaka nimalize. Pale ulipofumba macho kwenye kona, Redio alinishika mkono akanikwangua kwa kucha, na pale ulipoambiwa fumbua alikwenda nje moja kwa moja kutangaza, hakungoja hata mwisho. Ilibidi nimfuate nikamsomee habari ya madirisha barabarani. Huko nikakuta watu wamejaa, kila mmoja anadai karai lake ndilo lililotoa miche ya katikati.

Nimekwenda nyuma peke yangu baadaye. Nimekaa na kicheko ambacho hakikuwa na mtu wa kukisikia. Bibi mzima, nacheka na kokoto.

Mwambie Mhandisi kwamba yule mtaalamu anayo miche mia sita. Iko kwenye nyumba kumi na tisa, imekomaa, haijaonja samadi hata siku moja. Mwambie pia safari hii haiji bila mwenyewe. Shemeji yako amekubali kujipikia wiki mbili, Redio amekabidhiwa uwanja na ndoo, nami nataka kufungwa kamba kiunoni nishuke mteremko kama wewe. Usinijibu habari ya umri wangu.

Lete lori Jumamosi ya tarehe 18, saa mbili asubuhi. Hakikisha pana nafasi mbele, kwenye kiti, maana miche itakaa nyuma na mimi nitakaa na dereva nikimwonyesha mashimo.

Dada yako,
Mtaalamu wa Mimea